Mtwapa na Vitongoji Vyake: Unafuu wa Kiwanja Watoka Wapi?



Katika mwezi huu mmoja tumeulizwa swali lile lile na watu watatu. Wa kwanza ni kijana aliyeposa, na wakwe wametaka kujua binti yao atawekwa wapi. Wa pili ni mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, naye anaogopa kiinua mgongo chake kisije kikaliwa kidogo kidogo hata kikaisha bila kuacha alama. Wa tatu ni mama wa watoto wanne anayepanga vyumba viwili Mombasa Kale. Mumewe ni mlinzi Doha, naye mwenyewe hukaanga viazi na bajia kila alasiri, na kwa miaka sita wameweka akiba pamoja. Wote watatu waliuliza: Maalim, tununue Mtwapa?

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliona heri twende tukaangalie kwa macho yetu, kisha tuseme na wasomaji wote, maana swali hili haliko katika nyumba tatu tu. Kisiwani Mombasa wengi wetu tumezaliwa katika ile iitwayo nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, lakini udongo ulio chini ni wa mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akisikia kuna kiwanja cha bei nafuu, moyo hutangulia miguu. Na hapo ndipo penye hatari.

Kuvuka hori

Tulitoka siku ya Jumamosi asubuhi pamoja na mama huyo na mamake mzazi, ambaye alikataa katakata binti yake aende kuoneshwa ardhi na dalali bila ya mtu mzima. Matatu ilivuka daraja la Nyali, ikapita Kongowea penye soko, ikapita Bamburi na Shanzu, kisha ikateremka kwenye daraja la hori ya Mtwapa. Hori hiyo ndiyo mpaka: upande wa kusini ni Kaunti ya Mombasa, na upande wa kaskazini ni Kaunti ya Kilifi. Jambo hili si dogo kwa mnunuzi. Akishavuka daraja, kodi ya ardhi ataidaiwa na Kilifi, vibali vya kujenga atavitafuta Kilifi, na maji ya mfereji ataletewa na kampuni ya Kilifi na Mariakani.

Kutoka mjini Mombasa hadi Mtwapa ni kiasi cha kilomita 16. Asubuhi ile tulifika kwa nusu saa na kidogo juu yake. Jioni tulipanda gari baada ya kusali Alasiri, na adhana ya Magharibi ilitukuta bado tuko njiani. Barabara inapanuliwa, kwani ni sehemu ya ile njia kuu ya Pwani inayokusudiwa kutoka Malindi hadi Lungalunga na kuendelea mpaka Bagamoyo, na kazi hiyo ikitimia safari itakuwa nyepesi, inshallah. Ila anayenunua leo anunue kwa msongamano wa leo. Tufanye hesabu ya mfano: watu wawili wa nyumba moja wakilipa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi kwa siku 26 za kazi, nauli pekee ni shilingi 10,400 kwa mwezi. Kodi iliyookolewa Mombasa huenda ikawa imepakiwa kwenye matatu.

Mtwapa yenyewe si kijiji tena. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya 90,000. Kando ya barabara kuu kuna majumba ya ghorofa, benki, maduka ya vifaa vya ujenzi, hospitali na shule. Kwa sababu hiyo mwenye akiba ndogo hanunui tena Mtwapa mjini. Husukumwa ndani kuelekea Mtomondoni na Mtepeni, au mbele kuelekea Kanamai, Kikambala na Junju. Matangazo huandika "Mtwapa", lakini mguu ukishuka garini hupanda bodaboda. Basi swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: kutoka barabara ya lami hadi kwenye kiwanja ni mwendo gani kwa mguu, kwa mwanamke aliyebeba mtoto, jioni, mvua ikinyesha?

Walivyopima wa kale

Kabla ya kuonana na dalali tuliwapeleka wenzetu Jumba la Mtwana, magofu yaliyo ufukweni karibu na Mtwapa. Wengi huyapita wakienda Malindi wasijue kwamba pale palikuwa na mji wa Waislamu katika karne ya 14. Mtaalamu James Kirkman aliuchimbua mwaka 1972, na sasa magofu hayo yanatunzwa na Makavazi ya Taifa. Kuna misikiti minne, mmoja wao ukiwa umeukabili bahari, na ndani yake pana dalili za chumba kilichotengwa kwa ajili ya wanawake. Bibi alisimama hapo kitambo, kisha akasema, "Kumbe na sisi tulikuwa na mahali petu tangu zamani hizo." Wanaosema kwamba mwanamke kuwekewa nafasi msikitini ni jambo geni Pwani, wakapite Jumba.

Kuna pia nyumba yenye milango mingi, ambayo wataalamu wanadhani ilikuwa ya kulaza wageni. Maana yake ni kwamba biashara ya vyumba katika ardhi hii ina umri wa karne sita na zaidi, si uvumbuzi wa madalali wa leo.

Lakini lililotupeleka pale ni sababu zinazotajwa za kuchaguliwa mahali pale. Inasemekana wazee wale walitazama mambo matatu: maji matamu, upepo wa kaskazi na wa kusi wa kuipoza miili, na usalama, kwani pwani ile haikuwa na bandari ya kumwezesha adui wa baharini kutia nanga. Hawakuanza na bei wala na uvumi kwamba mahali patapanda. Pamoja na hekima hiyo yote, mji wao haukukaa sana. Karne ya 15 ilipokuwa changa, ulikuwa umehamwa. Na katika kaburi mojawapo waliandika aya ya Qur'ani inayoikumbusha kila nafsi kuwa itaonja mauti. Mwenye kununua ardhi hana budi kuyajua yote mawili: kwamba apime vyema, na kwamba hata akipima vyema yeye ni mpita njia.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mja ni mke mwema, maskani yenye nafasi, jirani mwema na kipando cha raha. Tukiliacha la mke, ambalo kila mtu alishukuru nyumbani kwake, matatu yaliyobaki ndiyo hasa mizani ya kitongoji: nafasi, ujirani na usafiri. Wengi wetu hutazama nafasi peke yake.

Aina tatu za unafuu

Tulipotoka Jumba tulikutana na dalali. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye adabu, na tulipokuwa tukifuata njia ya mchanga alituhimiza: "Maalim, hiki mkikiacha leo, Jumatatu hakipo." Kiwanja chenyewe kilikuwa cha futi 50 kwa 100, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya viwanja vinavyokizunguka. Mama alifurahi. Sisi tuliuliza: nusu nyingine imekwenda wapi?

Wasomaji wetu, kila kitu cha rahisi kina sababu ya urahisi wake, na katika ardhi sababu hizo ni tatu. Ya kwanza ni umbali. Huu ni unafuu wa halali ulio wazi. Mnunuzi anajua kwamba atalipa kwa nauli na kwa kuamka mapema. Ya pili ni upungufu: hakuna maji, hakuna umeme, hakuna njia ya gari, ardhi ni ya mawe matupu au hujaa maji masika. Huu nao ni halali, madhali muuzaji hakuuficha; mnunuzi atalipa kwa fedha zake baadaye. Ya tatu ni haki ya mtu mwingine. Kiwanja ni rahisi kwa sababu muuzaji anauza kisichokuwa chake chote, na anataka kukitoa mkononi kabla mwenyewe hajajua. Unafuu huu haulipiki kwa nauli wala kwa kisima. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Bibi ndiye aliyeona kwanza. "Mwanangu," alimwambia dalali, "na ile miembe ni ya nani?" Chini ya miembe palikuwa pamefagiwa. Nyuma yake palikuwa na kibanda cha udongo na makuti, moshi ukitoka. Mama mmoja mkongwe wa Kichonyi alitoka, akatuamkia, akatukaribisha maji. Tulimuuliza amekaa hapo tangu lini. Alijibu kwamba aliletwa pale akiwa bi harusi, na miembe ile aliipanda marehemu mumewe. Dalali alisema kwa sauti ya chini kwamba watu hao wataondolewa. Bibi akamuuliza, "Waondolewe waende wapi? Sisi wenyewe tumehamishwa nyumba mara tatu."

Hapa yafaa wasomaji wakumbuke historia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda huu wa Pwani, na watu wakatakiwa wathibitishe madai yao. Waliojua njia za ofisi walipata hati. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa wa ukoo na haukuandikwa popote, walijikuta maskwota katika mashamba waliyolima babu zao. Na katika mila za Pwani mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali: ardhi ya huyu, mnazi wa yule. Zaidi ya hayo, sheria za Kenya zinamruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kukatizwa kwa miaka 12, aende mahakamani akaidai iwe yake. Basi anayenunua hati bila ya kuzungumza na anayeishi kwenye ardhi huenda amenunua kesi.

Saini yetu wenyewe

Mama alitutazama akitaraji tumwambie kwamba mambo haya ni ya kawaida na yatapangika. Hatukuweza, na sababu yake tutaisema hapa ingawa inatuaibisha.

Miaka kadhaa iliyopita bwana mmoja alitujia baada ya sala ya Ijumaa, atuombe tuwe shahidi katika mauzo ya kiwanja upande wa Kanamai. Muuzaji tulimjua, mnunuzi tulimjua, na wote walikuwa watu wa msikitini. Karatasi ilisomwa, tukatia saini yetu, tukaomba dua, tukala halua. Hatukuuliza ardhi ilitoka wapi. Miaka mitatu baadaye alikuja mwanamke kutoka Malindi, mkononi ana nakala ya karatasi ile. Hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Maalim, hii saini ni yako?"

Ardhi ile ilikuwa ya marehemu babake. Alikuwa ameacha mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, huyu wa Malindi na mwingine aliyeolewa Muscat. Kwa mafungu aliyoyaweka Mwenyezi Mungu, mwana wa kiume alikuwa na nusu, na kila binti robo. Ndugu yao aliuza vyote, na nusu ya aliyoyauza haikuwa yake. Mnunuzi alikuwa amekwisha kusimamisha kuta hadi linta. Jambo lilifikishwa kwa wazee, kisha kwa Kadhi. Ili asibomoe, mnunuzi alikubali kuwalipa dada wale mafungu yao, yaani alilipa mara ya pili, na mpaka leo ndugu yao hajamrejeshea zote. Nyumba ilikwisha, lakini ndugu hawazikani.

Sisi tulimwomba radhi dada yule, naye alitusamehe. Lakini tulijifunza kuwa mwenye kutia saini bila kuuliza amesaidia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana na kushuhudia mali. Nasi tuliifundisha aya hiyo madrasani kwa miaka mingi kabla ya kuuelewa uzito wake.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu katika Mainland ya Kaskazini jambo hili si nadra. Hati nyingi za zamani bado ziko kwa majina ya babu na mababu. Warithi wao wametawanyika Mombasa, Lamu, Unguja, Oman na kwengineko katika Ghuba, na mara nyingi wanaorukwa ni wanawake: dada aliyeolewa mbali, shangazi mjane, bibi asiyejua kusoma Kiingereza cha mawakili. Mtu akikwambia "warithi wote wamekubali", mwulize majina yao mmoja mmoja, kisha uwasikie wenyewe, hasa wa kike.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipa

Kwanza, fanya upekuzi rasmi wa hati, ule ambao wengi huuita sachi. Hati za zamani za ukanda huu, zile zenye herufi C.R., daftari lake liko Mombasa, na nyingine zimo Kilifi. Kwa hiyo uliza upekuzi ufanywe wapi. Jina lililo kwenye hati lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ikiwa mwenye jina amefariki, hakuna mauzo mpaka mirathi ipitie mahakamani, warithi watajwe na mafungu yao, na hati ihamishwe kwa majina yao.

Pili, jihadhari na kiwanja kilichomo ndani ya hati mama ambayo haijagawanywa. Wengi wamelipa yote, na mkononi wana makubaliano tu, huku hati ikiwa moja kwa watu mia. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza asichokuwa nacho, basi muuzaji aoneshe kwanza kuwa anacho.

Tatu, mlete mpimaji mwenye leseni akuoneshe mawe ya mipaka, yaani bikoni, na alinganishe na ramani. Macho ya dalali si kipimo.

Nne, ikiwa ardhi ingali ya kilimo, na vitongoji vingi vya ndani ni vya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo. Bila idhini hiyo mauzo hayana nguvu kisheria. Ikiwa muuzaji ana mke, na nyumba ya ndoa imo humo, ridhaa ya mke yatakiwa.

Tano, uwe na wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Tia katika hesabu ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, pamoja na ada za wakili na mpimaji. Fedha zipite benki, zisipite mfukoni.

Sita, uliza maji. Maji ya mfereji ya ukanda huu hutoka katika visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, nayo husafiri mbali kabla ya kufika. Wenyeji walituambia kuwa si kila siku hufika. Karibu na bahari kisima huweza kutoa maji ya chumvi. Onja kabla ya kununua. Na kwa kuwa mwamba wetu ni wa matumbawe yanayopitisha maji, choo cha jirani chaweza kuingia kisimani kwako. Weka mbali kisima na shimo la choo, na uangalie jirani ameweka wapi lake.

Jina la nani kwenye hati?

Kina mama, hili ni lenu. Mume anatuma fedha kutoka Ghuba, mke anatia za viazi na bajia, kiwanja kinanunuliwa, na hati inaandikwa jina la mume, au wakati mwingine la kakake mume kwa sababu ndiye aliyekuwapo. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake, ndoa haiihamishi. Alichokitoa kwa kushirikiana ni fungu lake, na alichokitoa kama zawadi ni zawadi. Shida huja pale yasiposemwa. Semeni mkiwa hai na mkiwa mnapendana.

Sheria ya Kenya inajua namna mbili za kumiliki pamoja. Katika ya kwanza hakuna mafungu, na mmoja akifariki yote humwendea aliyebaki. Katika ya pili kila mmoja ana fungu lake lililoandikwa, na akifariki fungu hilo huenda kwa warithi wake. Kwa Mwislamu hii ya pili ndiyo inayolingana na mirathi, kwa sababu ile ya kwanza huweza kuwaruka wazazi na watoto waliotajwa na Qur'ani. Mwambieni wakili waziwazi mnataka ipi, maana asipoambiwa hachagui kwa ajili ya dini yenu.

Ama kulipa kwa awamu, si vibaya, madhali bei imekatwa moja tangu mwanzo na haiongezeki kwa kuchelewa. Soma kifungu cha adhabu. Mara nyingi riba hujificha humo. Na anayehitaji benki aulize zile zinazofuata sharia hapa Kenya, ambapo benki hununua kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana, au hushirikiana nawe na kukuuzia fungu lake kidogo kidogo. Uliza, soma, elewa; jina la Kiislamu kwenye mlango halitoshi.

Kwa wanaotaka faida

Mzee wetu wa bandarini hataki kuhamia. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Tulimwambia tulivyoona. Wapangaji wapo, lakini vyumba navyo ni vingi, na tuliona mabango ya "nyumba inapangishwa" kila mtaa. Hesabu yake isidhanie vyumba vyote vitajaa miezi yote 12. Ajue pia hukumu ya zaka: nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe, hutolewa kodi yake ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Lakini kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kukiuza ni mali ya biashara, na kila mwaka hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya wakati huo. Wengi hulimbikiza viwanja wakingoja vipande bei, wala hawajui kwamba wanadaiwa na maskini.

Na ujirani? Tusifiche. Mtwapa inajulikana kwa vilabu vya usiku, na karibu na barabara kuu muziki hausiti mpaka alfajiri. Mwenye mabinti na wavulana wanaobaleghe ana haki ya kuhofu. Lakini tukiingia ndani tuliona pia misikiti iliyojaa Adhuhuri, madrasa yenye watoto wengi kuliko mikeka, na kina mama waliotuamkia kwa salamu bila ya kutujua. Jirani hachaguliwi kwa jina la mji. Huchaguliwa kwa mtaa. Nenda mara mbili: mchana, kisha Jumamosi baada ya Isha. Sali msikiti wa pale, mwulize imamu, na mke naye aketi barazani na kina mama. Na tunaopangisha tusimpe chumba mwenye kufungua kilabu, kisha tukalalamika kuwa mji umeharibika.

Kurudi

Kiwanja kile cha nusu bei kiliachwa. Upekuzi uliofanywa baadaye ulionesha kuwa jina lililo kwenye hati ni la mzee aliyekwisha kufariki. Jumatatu dalali alipiga simu kusema kuwa bado kipo.

Mama ameona kingine, cha futi 40 kwa 60, ndani zaidi upande wa Mtepeni. Ni kidogo, bei yake ni ya juu kuliko kile kikubwa, na maji ya mfereji hayajafika. Muuzaji ni mama mmoja mwenye hati kwa jina lake mwenyewe. Hadi tunapoandika haya mpimaji hajaenda, na mumewe amesema atangoja kila kitu kikamilike ndipo atume fedha. Tulimwuliza iwapo anasikitika kukosa kile kikubwa. Alijibu, "Maalim, miembe ile ningeiona kila asubuhi nikifungua dirisha."

Basi jibu letu kwa wote watatu ni hili. Mtwapa na vitongoji vyake panafaa kwa anayekubali kulipa umbali na upungufu kwa jasho lake. Unafuu wa namna hiyo una baraka. Ila kabla ya kuuliza bei ni ngapi, tuulize unafuu wake watoka wapi. Na ikiwa watoka katika haki ya dada, ya yatima au ya mkongwe aliye chini ya mwembe, turudi nyumbani, hata kama nyumbani penyewe ni vyumba viwili vya kupanga.

Mwenyezi Mungu atupe maskani yenye nafasi, majirani wema, na mali isiyodaiwa na mtu. Wabillahi tawfiq.